Salamu Nilizoongeza Kwenye Barua Iliyokwisha Kusainiwa

Kyela Mjini,
Jumapili alasiri

Mwanangu Atupele,

Nakuandikia wakati umekwenda Ikolo kumuaga bibi yako. Namjua mama yangu, hatakuachia mpaka ushibe ndizi na akuombee kwa majina ya watu wote wa ukoo mmoja mmoja, kwa hiyo nina saa mbili tatu za kukaa peke yangu na kalamu. Ndiyo, kalamu. Mpiga chapa wa miaka zaidi ya ishirini naandika kwa mkono kama mwanafunzi wa darasa la tatu, kwa sababu nikikaa kwenye mashine nitaanza kuipamba barua, na hii sitaki kuipamba.

Sitakuambia habari za chandarua, wala watu wa stendi, wala kula kabla ya kunywa dawa. Hayo nimeyasema tangu Jumatatu, na jana ulinijibu kwa kuguna tu. Nina jambo moja. Ile barua ya mapendekezo uliyopewa na chama cha wakulima, uliyoiweka kwenye faili la bluu ili umkabidhi mwajiri wako Dar, ilikuwa na sentensi moja ya uongo. Sentensi hiyo niliipiga chapa mimi. Nataka kabla hujapanda basi kesho uijue habari yote kutoka kwangu, tena yote, hata kama nusu yake nadhani unaijua kuliko mimi.

Lazima nianzie mbali kidogo, nivumilie. Unajua nilisomea uhazili Mbeya enzi zile ambapo ukikosea herufi moja mwalimu anachana karatasi nzima mbele ya darasa. Nilipoajiriwa ofisi ya wilaya nilikuwa nasifiwa kwa barua safi. Bosi wangu wa kwanza alikuwa mtu wa haraka. Ananisomea maneno makavu, hana salamu, hana shukrani, kisha anaondoka. Siku moja nikaongeza mwenyewe, "Tunatumaini u mzima wa afya," na mwisho, "Wako katika ujenzi wa taifa." Akaisoma, akatabasamu, akatia sahihi. Tangu siku hiyo nikawa naongeza. Hakuna aliyenikataza. Nilijiona mimi ndiye ninayewafundisha wakubwa adabu, na kusema kweli nilivimba kichwa.

Kisha wakapunguza wafanyakazi, nami nikawamo. Wewe ulikuwa shule ya msingi. Ulirudi ukanikuta nimekaa jikoni mchana, ukauliza kama naumwa. Baadaye soko la kakao likafunguliwa, wakaja wanunuzi binafsi wa kila aina, na wakulima wa Ngana, Njisi na Ikolo wakaunda chama chao ili wasiyumbishwe. Walipotafuta mtu wa kupiga chapa na kuandika mihtasari ya vikao, walinikumbuka mimi. Nikarudi na kiburi changu kilekile na salamu zangu zilezile. Hata kompyuta ilipokuja, mimi niliiona ni taipureta yenye kioo.

Halafu ikatokea ile barua pepe ya uongo. Unaikumbuka. Mtu asiyejulikana aliiandikia ofisi ya mnunuzi wetu Dar kwa jina la chama, akasema tumejitoa kwenye makubaliano na kakao tunampa mtu mwingine. Bi Zuhura, yule mama wa Dar anayeshughulika na barua zetu, alituita kwenye simu ya duka moja mjini akiwa mkali kama pilipili. Tukamwambia si sisi. Akasema anaweza kutuamini yeye, lakini bosi wake hawezi. Kuanzia sasa barua ya kupanga malori lazima iwe na sahihi ya kompyuta, na zile za siri zifungwe. Chama kizima hakikujua anazungumza lugha gani. Mzee Ambakisye, mwenyekiti wetu, alileta wino na muhuri mezani akauliza tuugonge wapi.

Wewe ulikuwa umetoka Mbeya na cheti chako cha kompyuta miezi miwili tu kabla, umekaa nyumbani unapukuchua mahindi. Mimi ndiye niliyesema, "Mwiteni Atupele." Hilo nalidai, usinipokonye.

Sijakuambia nilijisikiaje siku ile ulipowaeleza wale wazee pale ghalani. Ulivaa ile sketi yangu ya kanisani. Ukawaambia kila mtu anakuwa na funguo mbili zilizozaliwa pamoja, mmoja wa siri asiompa hata mkewe, mwingine wa wazi anaompa yeyote anayeutaka. Ukisaini kwa ule wa siri, mwenye ule wa wazi anaweza kuhakikisha kuwa ni wewe. Na mtu akitaka kukufungia barua, anaifunga kwa ufunguo wako wa wazi, na hakuna atakayeifungua duniani isipokuwa wewe. Mzee mmoja wa Ngana akauliza, je, mwizi akiiba ule wa wazi? Ukamjibu kwa heshima, "Baba, huo hauibiwi, tunaugawa bure." Wakacheka, nawe ukacheka. Mimi nilikuwa naandika muhtasari huku natabasamu peke yangu. Nilitamani watu wa ofisi ya wilaya waliotupunguza wawe wamesimama mlangoni.

Sasa ile barua ya kwanza.

Uliiandika ofisini, ukaisaini. Ilikuwa na sahihi tu, haikufungwa, kwa kuwa Dar walikuwa hawajakutumia ufunguo wao. Ofisini hakuna laini ya simu, kwa hiyo uliiweka kwenye disketi nami nikaipeleka mjini, kwenye chumba cha intaneti cha Mzee Twaha, pale nyuma ya duka lake la vitenge. Ulikuwa na homa siku hiyo. Uliniambia, "Mama, fungua, nakili yote kama ilivyo, tuma." Nilikuitikia.

Nikakaa, nikafungua. Mwanangu, ile barua ilikuwa mbaya! Juu imeanza tu na tarehe ya kupakia, haina salamu. Mistari mingine mirefu, mingine mifupi. Chini kuna rundo la herufi zisizosomeka, kubwa na ndogo na namba, mistari minne mitano. Yale ya chini sikuyagusa, nilijua ndiyo sahihi. Lakini nikasema moyoni, barua ya kwanza ya mwanangu kwenda kwa watu wazima haiwezi kwenda Dar uchi namna hii. Watasema huyu binti hakufundwa. Nikapanga mistari. Juu nikaandika asante ya kwetu na salamu, "Ndaga fijo kwa ushirikiano wenu, tunatumaini hamjambo nyote." Chini, kabla ya lile rundo, nikaandika, "Wenu katika ujenzi wa taifa." Nikaisoma, nikaridhika, nikatuma. Nilirudi nyumbani nikakupikia uji nikiwa naimba.

Siku ya tatu ikaja faksi dukani kwa Mzee Twaha. Bi Zuhura alikuwa ameipima sahihi, na kompyuta yake ikamjibu kuwa barua imebadilishwa baada ya kusainiwa. Wao walikuwa wameshaumwa na nyoka mmoja, hawakutaka wa pili. Malori yakasimamishwa.

Kikao kiliitwa jioni ileile. Nje mvua ya Kyela unaijua ikishaanza, ndani ghala limejaa magunia, na harufu ya ukungu imeshaanza kwenye yale ya chini. Wakulima walikuwa wamekasirika, na waliyekuwa naye karibu ni wewe. Wakasema tumemkabidhi mtoto kazi ya watu wazima. Ukaomba kueleza. Ukasema kilichosainiwa kikiguswa hata nukta moja, hata nafasi moja, sahihi inakufa.

Nilijua papo hapo. Usidhani nilihitaji kufikiri. Nikainamisha kichwa kwenye daftari. Mzee wa Ngana akauliza, sasa ni nani aliyeigusa? Nilikuona kwa pembeni unanitazama. Hukunitazama kwa hasira, afadhali ingekuwa hasira. Kisha ukawageukia ukasema, "Ni programu, wazee. Yangu na ya Dar hazielewani bado. Kosa ni langu, nitalirekebisha."

Nami nikaandika hivyo. Kwenye daftari la chama, kwa mwandiko wangu mzuri, nikaandika: Binti Atupele amekiri kosa.

Zile wiki mbili zilizofuata nilikuwa nakutazama tu. Ulikwenda kwa Mzee Twaha kila siku na mwavuli uliovunjika. Kila barua ya majaribio uliyotuma kwa mkono wako ilifika Dar imevunjika nayo, kwa sababu programu yao ilikuwa inaikata mistari upya kila inapopokea. Nisikufiche, niliposikia hivyo nilishukuru Mungu. Nikajiambia, unaona, kumbe kweli ni programu, hata bila mimi ingeharibika. Nilijifariji na hilo siku nyingi. Lakini programu inaweza kukata mistari, haiwezi kuandika ndaga. Siku moja nikitafuta stepla kwenye kabati lako nilikuta faksi ya ile barua kama ilivyofika Dar. Ulikuwa umezungushia penseli salamu zangu, juu na chini. Hukuwa umeandika neno lolote pembeni. Nikairudisha palepale na stepla sikuichukua.

Hukukata tamaa. Ulinunua kadi ya simu, ukasimama kwenye kibanda ukimsomea Bi Zuhura tarakimu na herufi za ufunguo wako moja moja, naye akakusomea za kwake, ili kila mmoja ajue ufunguo alionao ni wa mwenzake kweli na si wa tapeli aliyejipenyeza katikati. Watu walikuwa wamepanga mstari nyuma yako wakidhani umerukwa na akili. Halafu ukagundua njia. Barua isiandikwe ndani ya barua pepe kabisa. Iandikwe kama faili, isainiwe, ifungwe kwa ufunguo wa Bi Zuhura, kisha ile faili iambatishwe. Programu yako na ya kwake zinaweza kugombana vyovyote, faili zinaibeba tu kama mzigo uliofungwa, hazithubutu kugusa ndani.

Siku ile ulinipa disketi tena, niende mimi kutuma. Mbona ulinipa? Ungeweza kwenda mwenyewe, ulikuwa mzima. Nilifika kwa Mzee Twaha nikaitazama ile faili, na hapakuwa na kitu cha kusoma, wala mahali pa kuongeza hata koma. Nikaelewa kwamba umeifunga dhidi ya matapeli, na umeifunga dhidi ya mkono wangu pia, na hukunidhalilisha kwa kunieleza. Niliituma nikiwa nalia. Mzee Twaha akaniletea kahawa akidhani nimepata msiba.

Bi Zuhura alijibu kabla ya saa saba. Imefunguka, sahihi ni halali, malori yanakuja. Mzee Ambakisye alipiga makofi peke yake katikati ya ghala. Nilitaka kumshika kila mpita njia nimwambie, huyo ni wangu, nimemzaa mimi. Lakini watu wana kumbukumbu ya ajabu, Atu. Malori yalipoondoka, walichokumbuka ni kwamba yalichelewa. Ukawa yule binti aliyetuchelewesha. Nilisikia sokoni, nilisikia kanisani, na kila nikisikia nilikuwa napanga kusema kesho. Kosa la kuongeza salamu ni la ujinga, nalisamehe. Lile la kupanga kusema kesho ndilo limenila. Kila siku niliyonyamaza ilifanya ya pili iwe ngumu zaidi, mpaka nikawa najiona nimeshazoea kunyamaza. Sikutaka utoke hapa nikijifanya sina doa, halafu ukifika mahali ukakosea, uone aibu peke yako.

Alhamisi Mzee Ambakisye alikuja ofisini kunisomea barua yako ya mapendekezo. Alikusifu vizuri, ni mtu wa haki. Kisha akasema, ili tusiwadanganye waajiri, weka na hili: "Mwanzoni alifanya kosa lililochelewesha usafirishaji wetu, lakini alijirekebisha." Vidole vyangu vikaipiga. Sikusita hata mahali pa koma. Nikagonga muhuri, nikakuletea nyumbani. Ukaisoma yote ukiwa umesimama mlangoni, nikaona macho yako yalipofika kwenye sentensi ile, nikaona yalivyopita. Ukasema, "Ndaga, mama. Umeipanga vizuri."

Sikulala. Jana, uliponiuliza nakwenda wapi na viatu vya kanisani siku ya Jumamosi, nikakudanganya nakwenda kwa fundi cherehani. Nilipanda baiskeli ya kukodi mpaka Njisi. Nilimkuta Mzee Ambakisye kwenye kichanja chake anageuza kakao juani. Nikamwambia yote nikiwa nimesimama, salamu zangu, faksi, penseli, kabati. Hakuacha kugeuza mpaka nilipomaliza.

Akaniuliza, "Siku ile ya kikao, Mama Atupele, ulikuwa umekaa pembeni yangu unaandika?"

"Nilikuwa naandika."

"Uliandika nini?"

"Niliandika kwamba binti amekiri kosa."

Akaweka reki chini. Akasema kesho baada ya ibada nije ghalani niseme mbele ya wote waliokuwa kwenye kikao kile, maana yeye peke yake hawezi kukusafisha.

Ndiko nilikotoka leo, mwanangu. Ulipodhani nimebaki kanisani na kwaya, nilikuwa ghalani. Nilisema nikiwa wima. Mzee wa Ngana alitaka kunisaidia, akasema salamu si dhambi jamani. Mwenyekiti akamjibu kwamba hapa hatuzungumzii salamu. Mmoja akauliza kama wewe ulijua. Nikawaambia ulijua tangu siku ile ya kikao, ulipokuwa unawatazama usoni na kulibeba kosa langu. Wale waliokuwa wakikusema sokoni wakaangalia magunia. Nimeomba kuachia kazi ya barua pepe. Wamekubali. Mihtasari wameniachia, lakini kuanzia sasa itasomwa kwa sauti kabla ya kusainiwa, na ule wa siku ile umesahihishwa mbele yao.

Kisha Mzee Ambakisye akanisomea barua yako upya, palepale, mbele ya watu. Ile ya kwanza nimeitoa kwenye faili lako la bluu nikaichana, nisamehe kwa kupekua vitu vyako. Hii mpya nimeiacha wazi bila gundi, uisome. Haina salamu ya ziada, haina pambo, nimeipiga kama alivyoisema. Inasema barua ya kwanza yenye sahihi iliharibiwa na mpiga chapa wa chama aliyeongeza maneno bila ruhusa kisha akakaa kimya, na kwamba Atupele alijua, akaitengeneza kazi, akabeba lawama wala hakumtaja mtu.

Alipofika kwenye neno mpiga chapa alisimama akanitazama. Akasema, "Hapo inatosha. Dar hawana haja ya kujua ni nani."

Nikamwambia, "Andika kwamba ni mama yake mzazi."

Akaniuliza kama nina uhakika, maana barua hiyo itakaa kwenye faili la watu miaka na miaka. Nikamwambia ninao. Nimepiga chapa barua za wakubwa wengi, Atu, na hakuna hata moja niliyowahi kuipiga kwa fahari kama mstari ule, unaosema kosa ni langu na wewe ni mwanangu.

Mama yako,
Tusekile